Thomu na uji wa muhogo kwa mwatiko wangu

Ukiwa na bwawa la samaki wa mwatiko huku pwani na mtu akakwambia "tia oksitetra kwenye chakula", yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, mwambie akatie kwake. Mimi alinishauri muuza dawa za mifugo, tena kwa kujiamini. Samaki walikuwa na vidonda ubavuni, mapezi yameliwa, wanazubaa karibu na lango. Hakusema kwamba samaki mgonjwa hali, kwa hiyo dawa wanaila wazima. Wala hakusema kwamba kalsiamu na magnesi ya maji ya bahari huinasa oksitetrasaiklini, nyingi ikapita tumboni bure. Pesa zangu zikaondoka na maji kupwa.

Jirani naye akaja na lake: ponda thomu, yaani kitunguu saumu, chemsha, changanya na pumba. Bwawa zima likanuka pilau! Kumbe moto ndio unaoua nguvu ya thomu, na pumba zilipogusa tu maji zikatawanyika.

Sasa hiki changu najisifu nacho. Thomu mbichi naitwanga, naiacha kama dakika kumi, maana ukali wake huzaliwa baada ya kupondwa. Nakoroga uji mzito wa muhogo, naungoja upoe hadi kidole kivumilie, ndipo natia thomu. Namimina juu ya pumba, mashudu na dagaa wa kusaga, nafinyanga vitonge, naanika kivulini. Kitonge kimoja nakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya bahari huku nakunywa chai. Kikimeguka kabla sijamaliza, uji ulikuwa mwepesi.

Kiasi ni gramu kumi hivi kwa kilo ya chakula. Naanza mapema, kabla ya maji mafu, siku ambazo bahari haifiki langoni na bwawa linachacha. Waliokwisha kupata vidonda thomu haikuwaokoa, wengi walikufa. Kundi lililofuata limevuka salama, ingawa hao niliwapanda wachache zaidi, kwa hiyo sifa zote siipi thomu. Na anayekuhadithia kwamba Wanorwei waliachana na antibiotiki kwa mitishamba anakudanganya. Kilichowasaidia zaidi kwenye samoni ni chanjo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Wateja wananiuliza kama samaki wangu wanakuja na viungo tayari. Nyama hainuki hata kidogo, mikono yangu ndiyo inayonuka. Thomu nunueni mapema, Ramadhani ikikaribia bei haishikiki.