Siku moja na mwanangu tangu aambiwe "apumzike nyumbani"

Saa 10 alfajiri

Unga niliukanda usiku, umeumuka vizuri, saa hii nasukuma na kukata. Mimi nauza mahamri hapa Langoni, Amu (Lamu). Ya alfajiri yanaenda kwa maduka ya mtaani, mengine wateja wanayafuata wenyewe mlangoni, na jioni nakaanga viazi vya karai hapo dakani. Hiyo ndo kazi yangu. Lakini tangu muhula wa pili uanze kuna kazi nyengine imeingia katikati, kijana wangu wa miaka sita yuko nyumbani, ana usonji (autism), na shule ilisema apumzike kwanza. Hakufukuzwa, ndivyo wanavyosema wao. Naandika siku ya leo ilivyokwenda kwa sababu najua hapa pwani kuna nyumba nyingi zina mtoto aliyeambiwa apumzike na mpaka leo hajaitwa tena, na wenyewe wananyamaza.

Saa 12 na nusu asubuhi

Anaamka mwenyewe. Kitu cha kwanza ni kwenda pale msumarini kuchukua sare. Watoto wa jirani wanapita kichochoroni, na mnajua vichochoro vyetu, mtu akipita ni kama amepita chumbani kwako, viatu, kucheka, mikoba inakwaruza ukuta, na yeye anasimama mlangoni ameshavaa begi. Haulizi kitu. Maneno yake mwenyewe ni machache, mengi anarudia aliyoyasikia, kwa hivyo anasema vile mwalimu wake alivyokuwa akisema, "fungueni vitabu, fungueni vitabu", mpaka wote wamepita.

Mavyaa aliniambia nizifiche hizo sare asizione, ati ndo atasahau. Najua ana uchungu na mjukuu wake lakini nimekataa. Sitaki asahau. Mtoto kama huyu ukimvunjia mpango wa siku kuurudisha ni vita, na mimi nataka siku atakayorudi darasani asubuhi yake iwe ni ile ile. Basi anavaa sare, anakunywa chai na mahamri yake, na shule inaanza hapa hapa sebuleni.

Saa 2 asubuhi

Nimekata boksi la biskuti nikachora picha kwa kalamu ya wino mzito, moja chini ya nyengine: kikombe, kitabu, sinia ya mahamri, mpira, sahani ya wali, msahafu, godoro. Pembeni kuna kibanio cha nguo. Akimaliza jambo anakishusha kibanio mpaka picha ya chini yake, mwenyewe, mimi simgusi. Hii niliionyeshwa na mtu wa tiba hospitalini na wallahi imepunguza kilio nusu nzima, manake kilio kingi kilikuwa ni cha kutojua nini kinakuja. Siku nikibadilisha mpango nabadilisha na picha kwanza, kabla yeye hajaona mabadiliko yenyewe.

Karai bado iko motoni wakati huu kwa hivyo nimepiga mstari wa chaki sakafuni na yeye hauvuki. Anakaa upande wake anapanga mahamri kwenye sinia, tano tano kila safu. Leo mtoto wa jirani alikuja mbio kutumwa, nikachukua moja kwenye safu nikampa, kijana wangu alikuwa ameangalia kwengine kabisa. Aliporudi na macho akasimama kwa ile safu, akaweka kidole pale palipobaki wazi, akasema "nne". Halafu akanitizama mimi, nikamuekea nyengine, akasema "tano" akaendelea. Sasa mtu aniambie huyu hasomi.

Sawa, nieleze kilichotokea shule, na nitaeleza bila kuficha. Kengele yao ni chuma kinachogongwa na darasa la Gredi 1 liko karibu nacho. Kengele ikilia yeye anaziba masikio na anakimbia, hachagui njia. Siku hiyo mtoto mwenzake alisimama mlangoni, akasukumwa, akaanguka akapasuka mdomo, na wangu akatoka getini hakuna aliyemuona, akapatikana ufuoni kwenye ngazi za gati amekaa peke yake. Maji yalikuwa yamejaa. Mimi nikifikiria hizo ngazi mpaka leo mwili unanisisimka, kwa hivyo shule ikisema inaogopa naielewa, hata mimi naogopa, bahari iko hapa hapa na yeye hajui kuogelea. Lakini jawabu la geti lililoachwa wazi ni kufunga geti.

Saa 4 asubuhi

Nimemuacha na mamangu, nimevaa buibui nimekwenda shule na barua. Ndani ya bahasha kuna barua nakala mbili na fotokopi ya ripoti ya tathmini. Tathmini inafanywa na kituo kinachoitwa EARC, ni cha serikali, wanamuangalia mtoto kisha wanaandika asomee wapi na asaidiwe vipi. Vituo hivi viko Kenya tangu 1984 na bado wazazi wengi hawajavisikia, wanaambiwa tu "mpeleke shule maalum" na mtu ambaye hajampima mtoto. Ripoti ya wangu imeandika shule ya kawaida, pamoja na usaidizi.

Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, alinipa kiti, akaniuliza hali ya nyumbani.

"Mamake, sisi hatukumfukuza. Tulisema apumzike mpaka tuweke utaratibu."

"Nimeelewa, mwalimu. Basi naomba uniandikie hilo. Kwamba apumzike, sababu ni ipi, na mpaka tarehe ngapi."

Akanyamaza kidogo. "Hayo ni mambo ya kuelewana tu, hayahitaji barua."

"Mimi yangu nimeileta imeandikwa. Nakuomba unipigie muhuri kwenye nakala hii, ya kuonyesha mumepokea, na tarehe."

Hapa ndo nataka kila mzazi asikie. Mtoto akitolewa shule kwa mdomo hakuna unaloweza kulishika. Ukienda ofisi ya elimu utaulizwa barua iko wapi, ukirudi shule utaambiwa sisi hatujamfukuza, na muhula unapita hivyo, na pale kwenye rejista mtoto anaonekana ni mtoro. Mtoto wangu si mtoro. Anavaa sare kila siku. Kwa hivyo kama wao hawataki kuandika, andika wewe: mlisema nini, siku gani, nani alisema, na unaomba nini. Kisha ugongewe muhuri. Muhuri ule ndo ushahidi kwamba shule inajua mtoto yuko nje na kwamba wewe hukukaa kimya.

Kwenye barua nimetaja sheria kwa adabu tu, sikwenda kugombana. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma kwenye shule za pamoja na wenzake kadiri inavyolingana na maslahi yake, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 34 inakataza kumbagua mtoto kwenye kumpokea shule, na ulemavu umetajwa humo kwa jina. Mwalimu mkuu alisoma yote mpaka mwisho, akafungua droo akatoa muhuri akagonga. Akasema ataipeleka kwa bodi ya shule, wanakaa Alhamisi, na mimi na babake tutaitwa.

Nikiwa natoka mwalimu wa darasa akanifuata mpaka kwenye mwarobaini. Huyu dada simlaumu hata kidogo, yuko peke yake na darasa limejaa mpaka watoto wanakaa wanne dawati moja. Aliniambia kwa sauti ya chini, "mama, asubuhi yuko sawa kabisa, mpaka mapumziko, shida inaanza baada ya kengele ya mapumziko." Akaniambia pia anajua herufi kuliko wengi. Nimemuuliza angehitaji nini ili aweze, akasema mtu mmoja wa pili ndani ya darasa hata kwa saa mbili tu, na geti lifungwe. Basi. Hakuomba chumba kipya wala kifaa cha bei. Nimetoka pale nimepata kitu ambacho hata ripoti haina.

Saa 7 mchana

Adhuhuri, wali na samaki, nimelala kidogo, naye pia.

Saa 9 alasiri

Chuoni, anaposoma Qurani. Maalim wake ana wanafunzi wengi nao wanasoma kwa sauti, wote kwa pamoja, na nilidhani hapa ndo hatavumilia hata kidogo. Lakini Maalim alimuangalia siku chache tu akamhamishia karibu na mlango, nje kidogo ya kelele, akampa sura fupi moja wanairudia wawili pale pale, na akichoka anaruhusiwa kusimama na kuzunguka nguzo kisha anarudi. Hakuna aliyemfundisha Maalim mambo ya usonji, alimtizama mtoto tu. Na kwa kuwa mwanangu anarudia anachosikia, sura tatu ameshahifadhi, na matamshi yake mazuri kuliko yangu. Nimemuomba Maalim kama bodi ikiniita anipe maneno mawili ya maandishi kuhusu jinsi anavyokaa naye, amekubali papo hapo.

Njiani kurudi punda wawili wamebeba matofali walitubana ukutani na mmoja akalia kwa nguvu. Akaziba masikio akajikunja. Nikamkumbatia kwa kumbana vile anavyopenda, nikangoja. Mwenye punda naye akawazuia punda wake, akangoja na sisi, hakusema neno mpaka tukapita. Ahsante yake kubwa.

Saa 11 jioni

Viazi. Hapa dakani ndo husikia yote. Leo mmoja kasema mtoto huyu asomewe, atakuwa ana kitu, mwengine kasema ni kwa sababu ya simu, simu ambayo sisi hatuna ya kumpa mtoto. Kisomo tulishafanya, kumuombea mtoto ni jambo jema na naendelea, lakini kisomo hakimrudishi mtoto darasani kama geti la shule limefungwa upande wake. Nimemwambia hivyo hivyo.

Halafu akaja mamake yule mtoto aliyepasuka mdomo. Hatujawahi kuongea vizuri tangu siku ile. Alinunua viazi vya hamsini, akasimama, akasema "shoga, mimi sikusema atolewe, nilisema tu wangu alitoka damu." Nikamwambia una haki, hata mimi ningesema, na nikampa pole tena mbele ya watu. Nikamuuliza kama Alhamisi bodi ikiuliza wazazi, anaweza kulisema neno hilo hilo alilonambia mimi, kwamba hakutaka mtoto atolewe. Akasema ataongea na mumewe. Sikumsukuma zaidi, lakini akaomba pilipili akacheka kidogo, tumesalimiana kwa mara ya kwanza kama zamani.

Saa 2 usiku

Babake amerudi, yeye ni wa boti, anavusha abiria wa Mokowe, ng'ambo bara. Kijana ameshalala. Tumekaa na ile nakala yenye muhuri, yeye amesoma mara mbili, halafu tukaandika tutakayoomba Alhamisi. Mwanzo alitaka tuombe siku nzima, haki ni haki. Mimi nikamwambia tuanze na kilichosemwa na mwalimu wake: aingie asubuhi mpaka kabla ya kengele ya mapumziko, nimchukue, na baada ya wiki kadhaa tukae tena tuongeze muda, lakini iandikwe tarehe ya kuongeza, isije ikawa saa mbili ndo shule yake yote mpaka Gredi 6. Geti lifungwe saa za masomo. Akae mbali na mlango na dakika chache kabla ya kengele aambiwe inakuja. Boksi lake la picha liruhusiwe darasani. Na wiki za mwanzo mimi mwenyewe nitakaa nyuma ya darasa, niwe huyo mtu wa pili mpaka wapate mwengine.

"Na mahamri?" akaniuliza.

Nikamwambia maduka nitayapelekea alfajiri kama kawaida, wale wa mlangoni dadangu atawauzia. Akafikiri, akasema na bodi ikikataa. Ikikataa tunaomba wakatae kwa maandishi, na ile nakala yenye muhuri pamoja na karatasi ya maombi yetu zinaenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo Ijumaa asubuhi, atazibeba yeye kabla ya safari ya kwanza. Ameshaziweka kwenye mfuko wa nailoni zisirowe.