Nilivyoonja divai tulivu ya mizabibu mikongwe katika joto la Kisumu

Chupa zilikuwa mbili, nami nililetewa na binamu yangu anayefanya kazi katika jiko la hoteli moja mjini Cape Town, alipokuja nyumbani kwa likizo mwezi wa Novemba. Ilikuwa divai nyekundu ya zabibu aina ya Cinsault, jina ambalo hutamkwa "sanso", na kwenye kila chupa palikuwa na muhuri mdogo ulioonyesha mwaka ambao mizabibu yake ilipandwa: katikati ya miaka ya 1970, kabla mimi sijazaliwa. Aliniambia kwamba ni divai yenye staha, nisiinywe kwa pupa. Sikuelewa alichomaanisha, na chupa ya kwanza ikapotea bure kwa sababu hiyo.

Tuliifungua mchana wa Krismasi. Kisumu mwezi wa Disemba si mahali pa mchezo. Mchana joto hukaribia nyuzi 30, na chupa ilikuwa imeshinda juu ya kabati la jikoni, karibu na dirisha, tangu asubuhi. Tuliimimina katika vikombe vya plastiki, tukainywa pamoja na nyama choma na kachumbari iliyojaa pilipili. Kilichonifikia ni mwasho wa kileo puani, kisha kitu chembamba ulimini ambacho kilipita bila kuacha alama. Shemeji yangu, aliyezoea divai nzito na tamu zinazouzwa kwa boksi, aliweka kikombe chake chini, akasema kwa upole, "Shem, hii wamechanganya maji." Nilikubaliana naye. Jioni nilipompigia binamu simu ili nimshukuru, nilimweleza ukweli, naye akauliza maswali mawili tu: chupa ilikuwa na joto kiasi gani, na tulikula nini. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hiyo divai hamkuionja. Mlionja joto na pilipili. Ya pili usiifungue mpaka uweze kuutambua ukakasi peke yake."

Neno hilo nililijua tangu utotoni. Kila mtu aliyewahi kuuma ndizi mbichi au kula zambarau ambazo hazijaiva vizuri anaujua ule ukavu unaovuta fizi na kuufanya ulimi uwe kama umepakwa vumbi. Nisichokijua ni kwamba ukakasi ndio uti wa mgongo wa divai nyekundu. Unatokana na tanini, vitu vilivyomo katika maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, ambavyo hushikana na protini za mate na kuuondolea mdomo ule utelezi wake wa kawaida. Nilikuwa nimezoea kuuchanganya na uchungu, na pia na uchachu, kwa hiyo kila divai isiyo tamu niliiita "kali" na kuishia hapo.

Nikaamua kujifunza kwa chai, kwa kuwa chai nzuri hatuikosi huku kwetu, na ukakasi wake ni wa ukoo mmoja na ule wa divai. Nilichukua majani yale yale ya Nandi, kijiko kimoja kwa kila kikombe, nikayatia maji yaliyochemka: kikombe cha kwanza nikakichuja baada ya dakika 2, cha pili baada ya dakika 5, cha tatu baada ya dakika 12. Sukari sikutia, wala maziwa, maana maziwa yana protini ambazo zingezishika tanini kabla hazijafika mdomoni mwangu. Nikaviacha vipoe hadi vikawa vuguvugu, nikaonja kimoja kimoja, nikisuuza kinywa kwa maji kila baada ya funda. Kikombe cha kwanza kilikuwa na harufu nzuri na ukakasi mdogo mno, ambao niliugundua pale tu nilipopitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele. Cha pili kilishika pande zote mbili za ulimi. Cha tatu kilinikausha mdomo mzima, na uchungu ukafuata nyuma, ukikaa kooni. Hapo ndipo nilipotofautisha: uchungu ni ladha, nao niliusikia mwishoni, ukakasi si ladha, ni mguso, na nikifumba macho ninaweza kuonyesha kwa kidole mahali unapokaa.

Jioni iliyofuata nilifanya vivyo hivyo kwa maji ya ukwaju, niliyoyapunguza makali kwa vipimo vitatu, ili niujue uchachu. Ishara ya uchachu ni mate: baada ya kumeza nilihesabu muda ambao mate yaliendelea kunitoka chini ya ulimi, na kadiri ukwaju ulivyozidi ndivyo yalivyochelewa kukoma. Niliyarudia mazoezi haya kwa wiki mbili hivi, kila nikitoka kazini, nikiandika katika daftari. Nakiri kwamba katika mambo yote niliyoyafanya, hili ndilo lililonifaa kuliko lolote, na halikunigharimu chochote.

Katika siku hizo hizo nilisoma habari za Cinsault yenyewe. Ni zabibu ya asili ya kusini mwa Ufaransa, yenye punje kubwa na ganda jembamba. Tayari hilo lilinieleza mengi, kwani rangi na tanini nyingi hukaa katika ganda, na punje kubwa ina maji mengi kwa ganda kidogo; divai yake kwa hiyo huwa nyepesi kwa rangi na pole kwa ukakasi. Afrika Kusini waliizoea kwa jina la Hermitage, na ndiyo ambayo Abraham Perold, mtaalamu wa mizabibu wa Stellenbosch, aliichanganya na zabibu nyingine iitwayo Pinot Noir mwaka 1925 ili kupata aina mpya inayoitwa Pinotage. Kwa miaka mingi ilipandwa sana huko kwa sababu inastahimili ukame na huzaa kwa wingi, na wingi huo ndio ulioivunjia heshima: mzabibu ukibeba vishada vingi kupita kiasi, divai yake hukosa nguvu, ikaishia kuchanganywa katika divai za bei ya chini. Mashamba mengi yaling'olewa. Yaliyobaki yamezeeka, na uzee umeibadilisha ile tabia, kwa kuwa mzabibu mkongwe huzaa vishada vichache, na kile kidogo kinachozaliwa hubeba ladha iliyokolea. Mingi kati ya mizabibu hiyo haikutandazwa kwenye nyaya. Husimama peke yake kama kichaka kifupi, na aghalabu hutegemea mvua pekee.

Muhuri uliokuwa kwenye chupa yangu hutolewa chini ya mpango wa Afrika Kusini uitwao Old Vine Project, yaani Mradi wa Mizabibu Mikongwe, ulioasisiwa na Rosa Kruger, mtaalamu wa kilimo cha mizabibu aliyeanza kuyatafuta mashamba ya zamani mwaka 2002. Hupewa divai iliyotokana na mizabibu iliyofikisha angalau miaka 35. Mimi niliupokea kama pambo la chupa. Nilipoujua maana yake niliutazama kwa macho mengine. Mzabibu wa kule Cape hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, kisha huamka na kuzaa mara moja kwa mwaka. Kwetu karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza. Dodoma huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka, na hata mizabibu ya Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, hutegemea mkasi wa mkulima ili ijue msimu umekwisha. Miaka 40 na kitu ya kulala na kuamka ilikuwa imefungwa ndani ya chupa iliyosimama kabatini mwangu, nami nyingine kama hiyo nilikuwa nimeimwaga katika plastiki.

Kabla ya kuifungua nilitaka kujaribu kwanza na chupa isiyo ya thamani, nikanunua divai nyekundu katika duka moja mjini. Kizibo chake kilikuwa kimejitokeza kidogo juu ya mdomo wa chupa, nami nikadhani ndivyo kilivyotengenezwa. Nilipoimimina, rangi yake ilielekea hudhurungi, na harufu ilikuwa ya matunda yaliyochemshwa kwa sukari hadi yakaganda chini ya sufuria. Nilimtumia binamu picha ya kizibo. Alinieleza kwamba chupa hiyo iliwekwa mahali pa joto kali kwa muda mrefu, divai ikatanuka na kukisukuma kizibo nje. Niliporudi dukani niliona rafu yenyewe ikipigwa na jua la alasiri moja kwa moja. Tangu siku hiyo sinunui chupa iliyosimamishwa dirishani, na huwa ninapitisha kidole juu ya kizibo kabla ya kulipa. Chupa yangu ya pili niliitoa kabatini siku hiyo hiyo, nikailaza sakafuni katika chumba cha kulala, chini ya kitanda, mahali penye ubaridi kuliko pote katika nyumba yangu.

Lilibaki suala la joto. Watu husema divai nyekundu inywewe bila kuipoza, lakini desturi hiyo ilizaliwa katika nyumba za Ulaya zenye ubaridi. Divai ikipata joto, kileo hupanda haraka na kuuziba mlango wa pua, na katika divai pole hakuna kitu kizito cha kushindana nacho. Ikipozwa kupita kiasi, harufu hujificha na ukakasi huchomoza. Kwa nyekundu nyepesi kama hii binamu alinipa kipimo cha nyuzi 14 hadi 16. Nilijaza maji katika chupa tupu ya ukubwa ule ule, nikaiacha mezani hadi themometa ya jikoni ikasoma nyuzi 27, kisha nikaitia katika friji na kuipima tena na tena. Baada ya saa moja na nusu ilikuwa karibu na 17. Baada ya saa mbili, 14. Nikaandika: saa mbili, itolewe, ifunguliwe papo hapo, imiminwe kidogo kidogo.

Nilimwalika mjomba, katekista mstaafu ambaye divai aliyoijua ni ile ya altare. Nilipika samaki aina ya ngege niliyemnunua asubuhi ufukweni Dunga, kwa nyanya, kitunguu na chumvi kidogo, bila pilipili kabisa. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu samaki, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo katika divai yanaweza kukutana na mafuta ya samaki na kuacha harufu mbaya mdomoni, na divai nyingi nyekundu huwa na madini hayo kuliko nyeupe. Kwa hiyo tulionja kwanza bila chakula. Glasi zilikuwa za kioo chembamba, zenye tumbo pana na mdomo uliobanwa kidogo, nami nilizijaza theluthi moja tu.

Rangi ilikuwa kama ya juisi ya komamanga; niliweka kidole nyuma ya glasi nikakiona. Nilipoinusa bila kuitikisa sikupata kitu, na moyo ukaanza kushuka kama siku ile ya Krismasi. Niliizungusha, nikasubiri, nikainusa tena. Ilianza kwa cheri mbichi, ikafuata harufu kavu kama ya majani ya chai kabla hayajatiwa maji, na nyuma kabisa, kwa mbali, ile harufu ya udongo wa tambarare ya Kano mvua ya kwanza inapougusa. Funda la kwanza nililizungusha mdomoni polepole. Uchachu ulikuja mapema, mate yakanitoka. Ukakasi ulikuja baadaye, mwembamba, ukakaa nyuma ya meno ya mbele, mahali pale pale pa kikombe changu cha dakika 2. Utamu haukuwapo, wala sikuuhitaji. Baada ya kumeza nilihesabu hadi kumi na tano, na ladha ya cheri ilikuwa bado ipo.

Mjomba alikunywa funda tatu kabla ya kusema neno. "Mwanangu," akasema, "hii ni kama turungi bila sukari. Ya kwanza unaona umenyimwa kitu. Ya tatu, aliyekutilia sukari miaka yote unamwona ndiye aliyekunyima." Nilimpa samaki, tukala, na ile harufu niliyoiogopa haikutokea, uchachu wa divai ulifanya kazi ya ndimu. Baada ya nusu saa, glasi iliyobaki mezani ilikuwa imefika nyuzi 21, na tayari kileo kilianza kuwasha pua. Niliirudisha chupa katika friji.

Tuliacha theluthi moja. Kesho yake jioni niliipima, nyuzi 15, nikaionja peke yangu nikiwa na daftari. Cheri ilikuwa imefifia sana. Udongo ulikuwa umesogea mbele, na ukakasi umepanuka kidogo hadi pembeni mwa ulimi, kama wa kikombe cha dakika 5. Niliandika hayo yote, tarehe juu, kisha nikaubandua ule muhuri kwa maji ya uvuguvugu na kuugundisha chini ya maandishi.