Profesa aliyewahi kushika randa

Siku Nobeli ya fizikia inatangazwa, Oktoba 8, 2024, mimi nilikuwa Busia kwa mzee, nimeshuka tu kutoka Kampala kumsalimia, tumekaa kwenye wakishopu yake ya mbao karibu na mpaka na simu yangu haitulii, magrupu yote ya watu wa kompyuta yanapiga kelele Hinton kapewa, Hinton kapewa! Geoffrey Hinton wa Toronto, pamoja na John Hopfield wa Princeton. Kwa nini fizikia wakati kazi yake ni ya kompyuta, watu walibishana sana, hata Hinton mwenyewe alishangaa.

Mzee akauliza huyo ni nani anakuchekesha na simu hivyo. Nikajua nikianza na mambo ya nyuroni, zile chembe za ubongo, nimempoteza, nikamwambia baba, huyu alisoma saikolojia Cambridge akamaliza 1970, halafu akaenda kuwa seremala.

Randa ikasimama. "Seremala kweli ama wa kusema tu?"

Kweli baba, ila hakudumu, akarudi shule huko Edinburgh akatoka na PhD ya akili bandia 1978, na msimamizi wake alikuwa anamwambia aachane na hayo mambo ya kufundisha kompyuta kwa kuiga ubongo, hayaendi popote.

Sasa mzee akataka kujua hiyo kazi yenyewe inafanywaje. Kulikuwa na mlango umeegeshwa pale, nikasema kompyuta inabahatisha jibu kama wewe unavyojaribu mlango kwenye fremu, ukikwaruza unapiga randa kidogo, unajaribu tena, mpaka ukae. Akanikata. "Mlango ni mmoja. Kabati yenye viungo ishirini ikipinda utajuaje ni kiungo gani kimekosa?"

Walahi nilibaki namwangalia tu. Mzee aliishia darasa la nne, na hilo ndilo swali lililowasumbua wasomi miaka na miaka, mpaka 1986 Hinton na wenzake Rumelhart na Williams wakaonyesha kwamba unapima kosa kule mwisho, halafu unarudi nalo nyuma safu kwa safu, kila kiungo kinapewa lawama yake na kinarekebishwa kwa kiasi hicho. Mzee akasema sawa, hiyo ina akili.

Wengi waliendelea kuidharau njia hiyo hadi 2012, Hinton na wanafunzi wake Krizhevsky na Sutskever wakabeba shindano la kutambua picha, makosa 15.3% wakati aliyewafuata ana 26.2%. Mwaka uliofuata Google ikawachukua, na 2023 akaacha kazi huko ili aseme waziwazi kwamba hii kitu inaweza kuwa hatari.

"Si angesema kabla hajala advansi?" mzee akauliza, akarudi kwenye mbao zake.

Kijana wake anayepiga msasa shida yake ilikuwa pesa. Krona za Uswidi milioni 11, nikamwambia, wanagawana wawili, kwa shilingi ya Uganda kila mmoja karibu bilioni 2. Na simu ya kumpa Hinton habari ilimkuta kwenye hoteli ya bei rahisi California, hata intaneti hakuna.

"Eh," kijana akasema, "basi leo anahama."