Mche huu hauendi Muheza

Ukipita uchochoro wetu hapa Tabata jioni, siku chache baada ya mvua, utaisikia harufu kabla hujaliona ua. Wengine hudhani ni asumini. Wengine husema kuna mchungwa umechanua. Ni muraya, mti mdogo wa ukoo wa mchungwa na mdimu, ukoo ule ule wa mti wa majani ya mchuzi. Asili yake ni Asia ya kusini hadi Australia, lakini Dar es Salaam umepapenda.

Hauna makuu. Jua kali unalivumilia, na kichanga chetu unakikubali ukiutilia samadi iliyooza. Udongo wenye mawe ya matumbawe ndio unaoutesa: majani hugeuka njano, mishipa ikabaki kijani. Ukitaka miche, chukua tunda lililoiva likawa jekundu, menya, osha utelezi, panda mbegu siku hiyo hiyo. Zikikaa zikakauka, haziamki vizuri.

Wanaoupanda kama ukuta huufyeka kila mara, kisha wanalalamika hautoi maua. Utatoaje? Maua yake hukaa kwenye ncha za matawi. Mimi naukata maua yakishapukutika, halafu nauacha upumue.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Muraya ni makazi anayoyapenda sana kidudu wa Asia anayefyonza utomvu wa jamii ya machungwa. Ndiye hueneza ugonjwa uitwao huanglongbing, ambao hauna dawa: machungwa hubaki madogo, yamepinda, machungu, na mti hufa polepole. Florida, Marekani, alionekana 1998, na miche ya muraya iliyokuwa ikiuzwa ilichangia kumsambaza. Ugonjwa wenyewe ulithibitishwa huko 2005, na wakulima wake hawajainuka mpaka leo. Hapa Tanzania kuwepo kwa kidudu huyo kuliripotiwa 2016. Afrika tuna ugonjwa unaofanana na huo tangu zamani, ila kidudu wake hupenda nyanda za juu zenye ubaridi. Huyu wa Asia joto la pwani analiweza. Ndiyo maana naihofia Muheza, yanakotoka machungwa mengi tunayokula mjini hapa.

Shemeji yangu ana shamba huko. Alipotutembelea aliipenda harufu, akachagua mche.

"Shemeji, huu kesho naondoka nao."

"Chukua kingine chochote, shemeji. Huo hapana."

Akadhani namnyima. Nikamwita mtini, nikageuza chipukizi moja laini. Walikuwepo wawili, wenye rangi ya vumbi, hawafiki hata nusu sentimita. Wameinamisha vichwa, makalio juu, kama miiba midogo iliyochomekwa mshazari. Pembeni kulikuwa na watoto wao wa njano, wanatoa nyuzi nyeupe za nta. Chipukizi lile nikalikata, nikalichoma moto palepale.

Hutaga kwenye machipukizi mapya tu, kwa hiyo ndiyo ya kukagua kila mti unapochipua. Mwenye michungwa au midimu uani, nakusihi, usipande muraya. Aliye nao mjini asisafirishe mche wala tawi kwenda kwenye mashamba, hata kama majani yanang'aa, kwa sababu mayai yake huyaoni kwa urahisi.

Shemeji aliondoka na vipande vya asumini, vimefungwa kwenye gazeti bichi. Juzi kapiga simu: ameanza kukagua machipukizi ya michungwa, mstari kwa mstari, na amemwita bwana shamba.