Kabla hujanunua maiki nyingine, sikiliza chumba chako

Watu wengi wanaorekodi nyumbani, wa podikasti, wa kusoma hadithi, wa matangazo, wakisikia sauti mbaya tu wanakimbilia maiki ya bei, na hilo linaniuma kweli maana hela inaenda na tatizo linabaki palepale. Anza hivi: vaa hedifoni, rekodi sekunde kumi bila kusema kitu, halafu pandisha volyumu usikilize.

Ukisikia mngurumo mzito usiokatika, mmmmm, mara nyingi huo ni umeme. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, yaani unatikisika mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo unakaa hapo kwenye 50 na unapanda kwa ngazi, 100, 150. Chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri, mngurumo ukinyamaza basi mchawi umemjua. Usiponyamaza angalia waya wa maiki, pengine umelala juu ya ekstensheni, uhamishe. Ile trrr-ti-ti-ti inayokuja na kuondoka ni simu, iweke mbali.

Sasa mwangwi, huu ndo unaoharibu kazi za watu wengi. Nyumba zetu ni saruji, vigae, vioo, sauti ikitoka mdomoni inagonga huku na huku inarudi kwenye maiki imechelewa kidogo, ndo unasikika kama uko bafuni. Piga kofi moja katikati ya chumba, ukisikia mlio unabaki na mkia, tsiing, jua hapo hapafai. Na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi kuutoa ni kazi ngumu sana, programu inautoa na sauti yako nayo inaumia. Simamisha godoro nyuma yako, sio nyuma ya maiki, kwa sababu maiki inaelekea kwako na inasikia ukuta ulio mgongoni mwako. Khanga au pazia jepesi vinapunguza zile sauti nyembamba za juu tu, nzito zinapita, unataka kitu kinene. Halafu isogelee maiki, shubiri moja inatosha, na iweke upande kidogo ili upepo wa P na B upite pembeni.

Kukwaruza ni kitu kingine, ukivuta picha ya mawimbi ya sauti kwenye skrini utaona vilele vimekatwa bapa. Shusha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6, sifuri usiiguse. Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, ina Clip Fix ya kurekebisha vilele hivyo lakini inaokoa sehemu mbili tatu tu, ikiwa sentensi nzima imekwaruza isome upya.

Kelele za feni na friji zima kabisa. Kinachobaki ndo ukipeleke kwenye Noise Reduction, kifaa cha kupunguza kelele humo humo Audacity, ukiichukulia sampuli kile kimya chako cha mwanzo, ila usibane sana, S zinaanza kupotea na maneno yanalialia. Anza na desibeli 6, sikiliza, ikibidi panda kidogo kidogo, na faili la mwanzo usilifute.