Siku Vipimo vya Ini Vilipopanda

Damu ya Mjomba ilitolewa asubuhi, na kabla ya adhuhuri muuguzi akaja kutuambia kwamba dripu yake ya dawa ya saratani haitatundikwa siku hiyo. Vimeng'enya vya ini, ambavyo huvuja kwenye damu ini likiumia, vilikuwa vimepanda zaidi ya mara 5 ya kawaida. Mjomba akanitazama. “Basi, mwanangu, ugonjwa umenizidi.”

Nami niliwaza hivyohivyo. Tulikuwa London, mwaka 2018. Melanoma yake ilianzia unyayoni, doa jeusi ambalo nyumbani sote tulidhani ni kovu la mwiba. Sisi watu weusi saratani hii ya ngozi hutushika zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali jua lisipofika, na ndiko tusikojitazama. Ilipogunduliwa ilikwishafika kwenye ini. Hakuwa na badiliko la jeni ya BRAF, kwa hiyo vidonge vinavyolenga badiliko hilo havikumfaa. Akaanzishiwa ipilimumab na nivolumab kwa pamoja, kila baada ya wiki 3.

Dawa hizi zenyewe haziui saratani. Huondoa breki za kinga ya mwili ili chembe zake ziushambulie uvimbe. Chembe hizo zikishafunguliwa huweza kuvamia hata viungo vyenye afya: utumbo, tezi, mapafu, ini. Ndiyo maana daktari alipofika hakutaja kushindwa. Alimuuliza Mjomba kama mkojo umekoza rangi, kama amekunywa dawa yoyote ya mitishamba, kisha akaagiza kipimo cha homa ya ini B na picha ya CT siku hiyohiyo.

Kungoja kule kuliniumiza kuliko hata siku tuliyoambiwa ni saratani. Mjomba alisali adhuhuri na alasiri akiwa amekaa kitini, mguu ule ameunyoosha.

Majibu yakaja jioni. Uvimbe mkubwa wa kwenye ini ulikuwa umesinyaa! Kilichokuwa kikiliumiza ini ni kinga yake mwenyewe. Akalazwa, akapewa steroidi, dawa za kuituliza kinga, kwa mshipa, halafu vidonge vya steroidi iitwayo prednisolone vilivyopunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Vilimnyima usingizi na kumtia njaa; usiku wa manane nilimsikia jikoni akichemsha mihogo, nikashukuru kwamba anakula.

Ipilimumab hakupewa tena. Ini lilipotulia, nivolumab ikarudishwa peke yake, na vivimbe vilivyobaki vikawa vinapigwa picha kila baada ya miezi 3.