Kadi ya utando: Valentine ya zama za Malkia Victoria, ya kukatwa kwa mkono

Kadi za kizamani za Siku ya Wapendanao zilizopambwa kwa lasi ya karatasi, yaani karatasi yenye matundu kama kitambaa cha lesi, ndizo zinazosifiwa zaidi. Ni nzuri, lakini ukishaitazama mara moja umemaliza. Kadi ya utando ina ufundi zaidi: unavuta uzi ulio katikati, karatasi inainuka kama kizimba cha ndege, na chini yake linaonekana jina au picha iliyofichwa. Kwa mchumba aliyechungwa na wazazi, siri hiyo ilikuwa na maana.

Nasser Road hapa Kampala karatasi hazikosekani. Kwa msingi chukua manila nyeupe. Kwa utando tafuta karatasi nyembamba ya gramu 50 hadi 60. Ile ya fotokopi, gramu 80, ikikunjwa mara tatu inakuwa nene, tabaka zinateleza chini ya mkasi na mistari inapishana. Tishu nayo ni laini mno, ikishavutwa hairudi. Epuka pia karatasi za risiti zinazojinakili zenyewe, kwa sababu ukucha unaweza kuacha alama.

Kata duara lenye upana wa sentimita 10. Likunje nusu, robo, kisha thumni. Pima milimita 8 kutoka ukingo wa nje na uziache, hapo ndipo gundi itakapokaa. Kuanzia hapo kata mistari ya upinde inayofuata ukingo, ukisogea kuelekea kwenye ncha, kila baada ya milimita 3: mmoja ukianzia mkunjo wa kushoto, unaofuata wa kulia. Kila mkato uishie milimita 3 kabla ya mkunjo wa pili; sehemu hiyo isiyokatwa ndiyo kiungo. Ukikaribia ncha, punguza kiungo hadi milimita 2, maana upinde unafupika na kiungo kikiwa kipana utando hauinuki. Kumbuka kiungo kinaongezeka mara mbili karatasi ikikunjuliwa. Mkato mmoja ukipitiliza hadi mkunjo wa pili, pete nzima inakatika. Anza upya tu, kiraka kitaonekana.

Acha milimita 7 za mwisho kwenye ncha bila kukata. Kunjua polepole, bandika kiduara cha manila cha sentimita 1 chini ya kitovu, pitisha uzi na ufunge fundo. Bila kiduara hicho fundo linachana karatasi mara ya kwanza tu.

Andika jina kwenye msingi kwanza, wino ukauke kabisa, ndipo ubandike ukingo wa utando. Tumia gundi ya kijiti, ile ya wanafunzi. Uji wa unga wa ngano una maji mengi, karatasi nyembamba inajikunja, na mende wataula.

Lasi ukiitaka kwa pambizo, tumia zile karatasi za kuwekea keki. Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, Marekani, aliyeanza biashara ya kadi mwishoni mwa miaka ya 1840, aliweka karatasi ya rangi chini ya lasi nyeupe ili matundu yaonekane. Iga hilo. Lakini usirundike: tangu 1840 barua ya Uingereza ilisafiri kwa peni moja ikiwa haizidi nusu aunsi, yaani gramu 14 hivi, na ikizidi hapo gharama ilipanda.

Desturi ya kutia shungi la nywele ndani ya kadi iacheni hukohuko Uingereza. Hapa Uganda ukimwomba mtu nywele zake, atakuuliza mganga wako anakaa wapi.